Kiatu cha Pili

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, natafuta viatu vyeusi vya shule vya binti yangu. Anavaa namba 36. Kijana mmoja alikuwa ametandika turubai pembeni ya barabara, na juu yake amepanga viatu vya mguu mmoja mmoja, vyote vya kushoto. Wazoefu wa Kariakoo wanajua sababu. Mwizi hana kazi na kiatu kimoja.

"Mama, namba ngapi?"

Nikamtajia. Akaokota kimoja, akakipangusa vumbi kwa kitambaa, akakikunja soli mbele ya macho yangu nione kwamba hakikatiki. Tukavutana bei hadi tukaafikiana 25,000. Akaniambia, "Subiri hapo hapo mama, nakuletea mguu wa pili."

Nilitegemea afungue kiroba chake. Badala yake akaruka mtaro na kuingia kwenye duka lililokuwa nyuma yake, duka lile lile ambalo turubai lake lilikuwa limeziba nusu ya mlango. Nikamfuata kwa macho. Mwenye duka, baba wa makamo mwenye miwani, akashusha boksi kutoka rafu ya juu, akatoa kiatu cha kulia, kisha akafungua daftari la shule na kuandika mstari mmoja. Risiti haikutolewa. Hawakuambizana hata neno. Mali kauli: unachukua mzigo kwa ahadi ya mdomo, unalipa ukishauza.

Kijana alipokuwa anatoka, yule baba akanitazama na kutikisa kichwa.

"Unaona mama hawa vijana walivyotuziba? Mteja hata mlango hauoni."

Mkononi bado alikuwa ameshika boksi tupu la viatu nilivyonunua.

Jioni binti yangu akavijaribu. Akatembea navyo sebuleni, akasimama, akaangalia chini. "Mama, mbona havifanani?" Kweli. Cha kulia kilikuwa cheusi ti. Cha kushoto kilikuwa kimepauka kwa jua hadi kinakaribia kijivu.

Hii ni wiki ya sita na bado nalifikiria lile boksi.

## Kichwa cha habari nilichokiandika mimi

Nilikaa chumba cha habari miaka tisa, mingi ikiwa kwenye dawati la uhariri. Mwishoni mwa 2021, machinga, wachuuzi kama yule kijana, walipoondolewa barabarani na kupelekwa kwenye maeneo waliyopangiwa, zamu ya jioni ilikuwa yangu. Mwandishi akaleta habari ya Kariakoo. Alikuwa amezungumza na wenye maduka wawili, machinga wawili, na ofisa mmoja. Nilimpongeza kwa kubalansi stori. Kichwa cha habari nikakiweka mwenyewe: "Machinga waondoka, Kariakoo yapumua."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye daladala redio ilipokuwa inapitia magazeti. Mtangazaji alikisoma kichwa changu kwa mbwembwe, akakirudia. Abiria mmoja akasema, "Afadhali." Mwingine akamjibu, "Afadhali kwa nani?" Wakaanza kubishana. Mimi nikashuka kituoni kwangu nimeridhika.

Nimeitafuta ile habari na kuisoma tena. Haina uongo. Kila aliyenukuliwa alisema alichonukuliwa. Takwimu hazikukosewa, majina hayakukosewa.

Lakini hakuna mahali popote, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, tulipouliza vile viatu vilikuwa vya nani.

## Mizania

Tulifundishwa kwamba habari nzuri ina pande mbili. Ukimsikiliza mlalamikaji, mtafute na mlalamikiwa. Sijaacha kuamini hivyo. Nimeona watu wakiharibiwa maisha na habari ya upande mmoja.

Shida yangu iko mahali pengine. Mizania inachukulia kwamba kila upande ulikuwapo kivyake, na kwamba pande hizo zilikutana barabarani kama mabasi mawili yanayogongana. Basi wewe mwandishi unapima: huyu aya tatu, yule aya tatu, na mwisho kauli ya serikali.

Mtaa wa Kongo hauko hivyo.

Mwenye duka anamhitaji kijana, kwa sababu kijana anamdaka mteja kama mimi ambaye nisingeingia dukani. Anamhitaji pia kwa sababu kiatu kinachouzwa kwenye turubai hakipiti kwenye EFD, mashine ya risiti za kodi, na kodi ya VAT ni asilimia 18. Kijana naye anamhitaji mwenye duka kwa kuwa hana mtaji wa kununua hata katoni moja. Hapo hapo wanakulana. Kila jozi inayouzwa nje ni mteja ambaye hakuingia ndani. Na kila siku jua, mvua na mgambo ni vya kijana, wakati stoo na daftari ni vya mwenye duka.

Wanagombana kwa sababu wameshikana. Ukiwatenganisha kwenye safu za gazeti ili uwape nafasi sawa, umeshaondoa kitu chenyewe ulichokwenda kukiripoti.

Mei 2023 wenye maduka wa Kariakoo walipogoma, wakilalamikia kodi na kikosi kazi cha mamlaka ya mapato, TRA, Waziri Mkuu alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Nilisoma magazeti yote ya wiki ile. Wafanyabiashara upande huu, TRA upande ule. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyekwenda kuuliza kijana wa turubai alichukua wapi mzigo siku maduka yalipofungwa.

## Toa methali yenye maana kinyume

Namna hii ya kutazama ina jina la kisomi: dialektiki. Kwa kifupi inasema kwamba jambo hubeba mkinzano ndani yake lenyewe, kwamba pande zinazokinzana hutengenezana, na kwamba mkinzano huo ndio unaolisukuma jambo libadilike. Kwa hiyo hutalielewa kwa kulipiga picha likiwa limesimama. Unauliza limetoka wapi na linaelekea wapi.

Jina ni geni, lakini kitu chenyewe tulikigusa darasani bila kuambiwa. Mnakumbuka swali la mtihani: toa methali yenye maana kinyume na hii? Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulizikariri mbili mbili, tukapata alama, tukasahau. Hakuna mwalimu aliyetuuliza inakuwaje jamii moja ikahifadhi zote mbili kwa karne nyingi bila kuitupa mojawapo. Mkulima anayesubiri mvua anazihitaji zote, na anayemwambia "usiwe na haraka" mara nyingi ni yule ambaye tayari ameshakula.

Kwetu dialektiki ilijadiliwa kwa moto zaidi Mlimani. Mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha jarida la Cheche. Mwaka 1970 likapigwa marufuku. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha, na wao walikuwa wanauliza swali ambalo halikupendeza: hizi ofisi za umma zilizochukua mali kutoka kwa mabepari, je, ndani yake hakuzaliwi wakubwa wapya?

Ninawaheshimu sana. Ila waliandika kwa Kiingereza, na hili limenisumbua kwa muda mrefu. Nilidhani maana yake ni kwamba mbinu yao haikuwahi kumfikia mtu wa kawaida.

Nilibadili mawazo niliposoma kuhusu Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati ule.

Ulitolewa Februari 1971, wiki chache baada ya Idi Amin kupindua serikali ya Uganda. Chama kilikuwa na wasiwasi, kilitaka kujiimarisha. Ibara ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Ilikuwa karatasi ya wakubwa, ya kuulinda uongozi. Wafanyakazi wakaichukua na kuwageuzia nayo mameneja wao. Kati ya 1971 na 1973 migomo ikafuatana viwandani, watu wakiweka zana chini na kuitaja ibara hiyo hiyo. Hawakuhitaji mwanafalsafa wa Kijerumani. Waliisoma karatasi ya chama kwa Kiswahili, wakaona inavyogombana na maisha yao ya kila siku kiwandani, wakaushika ule ugomvi na kuutumia.

Huko ndiko kusoma habari. Mimi miaka tisa nilikuwa nazipanga tu.

## Mjomba na lori

Mwaka 1983 mjomba wangu alikuwa anauza sigara moja moja na karanga Manzese. Ilipokuja operesheni ya Nguvu Kazi alikamatwa saa mbili asubuhi, sinia likiwa bado kichwani, akapakiwa kwenye lori na wenzake kurudishwa kijijini. Jina alilopewa ni mzururaji.

Anaisimulia mpaka leo, na kila mara hufika kwenye sentensi moja: "Walinikuta kazini. Wakanikamata kwa kosa la kutofanya kazi."

Alirudi mjini, kama walivyorudi wengi. Desemba 2018 mtu huyo huyo, sasa ana meza ya soksi na vitana, alilipa 20,000 akapata kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Alikifunga kwenye nailoni na kukining'iniza shingoni, hata msibani alikwenda nacho. Mwaka 2021 akawa miongoni mwa "waliovamia barabara". Maneno hayo yalipita mikononi mwangu. Niliyaacha yapite.

Mzururaji, mjasiriamali, mvamizi. Mikono ni ile ile, na mzigo wake haukupata kuzidi kilo 20.

Zamani ningesema serikali zinabadilika, sera zinabadilika. Hilo halielezi kitu. Mwaka 1983 maduka yalikuwa matupu na serikali ilitaka mikono shambani. Mtu aliyesimama mjini na karanga alikuwa mkono uliopotea. Ikaja 1986 na makubaliano na IMF, bidhaa zikaingia, mashirika ya umma yakaanza kupunguza watu, na mji ukajaa vitu vya kuuza na watu wasio na ajira kwa wakati mmoja. Kufikia 2018 haikuwezekana tena kumpakia kwenye lori. Walikuwa wengi mno, ni wapiga kura, na vitu wanavyouza vinatoka kwenye maduka yanayolipa ushuru bandarini. Ikabidi ahesabiwe. Na kuhesabiwa kukampa uhakika wa kutandika katikati ya barabara, jambo lililozaa 2021.

Kila jina lilikuwa jibu la tatizo lililoachwa na jina lililotangulia. Kichwa cha habari hushika jina moja na kuliganda.

## Viatu milioni 4

Nikiwa kwenye hali hii ya kuunganisha mambo, nikakumbuka Kiwanda cha Viatu Morogoro.

Kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza viatu milioni 4 kwa mwaka, robo tatu vikauzwe Ulaya, vinavyobaki vitutoshe sisi. Jengo halikufaa kwa hali ya hewa ya Morogoro. Halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Kiwanda hakikuwahi kutumia zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Leo wafanyabiashara wa Kariakoo wanapanda ndege kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo.

Usiku ule niliandika kurasa tatu kwa mkupuo mmoja: kiwanda kimekufa, kwa hiyo kijana hana ajira, kwa hiyo viatu vinatoka China, kwa hiyo kijana anauza viatu vya China mlangoni kwa mtu aliyevileta. Ilisomeka vizuri mno. Asubuhi nikaifuta.

Kwa nini? Kwa sababu Waingereza nao walikuwa wakiwakamata Dar es Salaam Waafrika wasio na ajira na kuwarudisha vijijini, miongo kadhaa kabla ya kiwanda hicho kuwazwa. Mchuuzi wa mjini hakuzaliwa 1990. Nilikuwa nimeshika kitu kimoja cha kweli na kukifanya mama wa vyote kwa kuwa nacho kilihusu viatu.

Hiyo ni hatari halisi ya mbinu hii, na nimewaona wazee waliobobea wakiingia humo. Ukishaizoea, kila kitu kinakubali kuunganishwa. Unaanza kusikia sauti yako tu. Tangu hapo nimejiwekea sharti: nikiona mambo yamekaa sawasawa mno, naenda kutafuta mtu ambaye maelezo yangu yatamkera.

## Nani alivunja

Nilimpata karibu. Ni rafiki yangu tangu sekondari. Mwaka 2021 alikuwa na meza ya nguo za watoto. Siku moja alikuta imevunjwa na mbao zimepangwa pembeni ya mtaro. Alikuwa na ujauzito wa miezi saba.

Nilimweleza nilivyokuwa nafikiria. Nikamsimulia kiatu, daftari, mali kauli, jinsi mwenye duka na machinga wanavyotegemeana, jinsi hata mgambo anayewafukuza mchana anakula kwa mama lishe aliyeketi pembeni yao. Alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha kumenya.

"Sawa dada. Wanategemeana. Sasa meza yangu nani alivunja?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu la jumla, yeye alikuwa anauliza la rejareja.

Nilikosa usingizi. Ikiwa kutazama mambo kwa namna hii kunamfanya aliyevunja meza na aliyevunjiwa wawe pande mbili za jambo moja tu, basi sina tofauti na ile mizania niliyokuwa nailaumu. Nimemnyima mtu haki yake kwa maneno marefu zaidi.

Imenichukua siku kadhaa kuona nilipoteleza, na kilichonionyesha ni viatu vya binti yangu. Vilikuwa mlangoni, vimekaa pamoja. Ni jozi moja, hakuna kimoja chenye maana bila kingine. Lakini kimoja kimekaa juani miezi mingi na kingine kimelala kwenye boksi. Nilikuwa nimeshangilia kuona jozi hadi nikaacha kuona jua.

Kutegemeana si kulingana. Swali la kwanza, wameshikana vipi, halina uzito mpaka liende na la pili: gharama ya kushikana huko inamwangukia nani? Kwenye habari yangu ya 2021 sikuuliza la kwanza. Kwa rafiki yangu nilisahau la pili.

Nami sijasimama pembeni. Nilinunua jozi ya 25,000 bila risiti. "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti" naijua kwa moyo. Sikudai, kwa sababu bei ilikuwa nzuri kwa sababu hiyo hiyo. Binti yangu amevaa viatu hivyo kwenda shule ya serikali, ambayo darasa lao lina upungufu wa madawati.

## Daftari

Jumanne iliyopita nilirudi Mtaa wa Kongo. Turubai lilikuwa pale pale. Kijana alinikumbuka, akauliza kama viatu vimemtosha mtoto. Nikamwambia kimoja kimepauka. Hakuomba radhi. "Huo ndio unaoita wateja, mama. Ukikaa ndani hakuna anayejua tunauza." Akaniahidi siku nyingine atanibadilishia.

Nikaingia dukani. Nikamwambia yule baba kwamba niliwahi kufanya kazi gazetini, na kwamba nina swali nililopaswa kumuuliza mtu kama yeye 2021. Walipoondolewa, mauzo yake yalikwendaje?

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

"Wiki mbili za kwanza nilipumua. Nakwambia ukweli. Mlango wazi, unaona hadi ng'ambo. Watu wanaingia, wanauliza bei." Akanyamaza. "Kisha hawakuingia."

Akavuta droo. Madaftari yalikuwa matano au sita, yamefungwa kwa mpira. Akachomoa moja na kulifungua kwenye kaunta. Kurasa za mwanzo zilijaa hadi pembezoni: majina ya utani, namba za viatu, kiasi, alama ya vema kwa aliyelipa. Halafu mistari ikaanza kupungua. Kwenye Novemba kulikuwa na ukurasa wenye majina mawili tu. Nyuma kabisa ya daftari, kwa wino mwekundu, kulikuwa na orodha nyingine, fupi, ya tarakimu kubwa zaidi.

"Na hii?"

"Hiyo ni yangu. Nadaiwa na mwenye kontena."

Nikamuuliza, basi angependa vijana wabaki? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Waondoke! Kesho wakiwaondoa nitashangilia tena." Alimaanisha. Sikuona dalili ya kuficha kitu usoni mwake, na daftari lilikuwa bado liko wazi kati yetu.

Nilikuwa nafungua mdomo kumuuliza tena wakati kijana alipopitisha kichwa mlangoni, amenyoosha vidole vitatu kisha vinane.

Yule baba akavaa miwani, akageukia rafu ya juu, akaanza kutafuta 38.